Haki ya Asiyeweza Kupanda Ngazi



Leo nataka tukae pamoja tulitazame jambo moja ambalo wengi wetu hulipita kila siku bila ya kulisimamia. Jambo lenyewe ni ngazi. Si ngazi ya mnara wala ya jumba la serikali, bali ni ngazi ya nyumba zetu wenyewe, hizi tunazozijenga sasa katika miji yetu ya pwani, Mombasa na Malindi, Tanga, Dar es Salaam na Unguja, mahali pa zile nyumba za wazee wetu. Nauliza hivi: mtu anapojenga nyumba ya kukaa watu, je, ana wajibu wo wote kwa yule asiyeweza kupanda ngazi? Au huyo ni wa kuhurumiwa tu, akisaidiwa ni hisani, na asiposaidiwa hana la kudai?

Mtaani kwetu Mombasa yuko mama mmoja wa makamo ya mama zetu, ambaye sote twamwita Bi Mkubwa. Alikaa miaka na miaka katika nyumba ya Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uwani nyuma. Mumewe alipofariki watoto wakarithi, na wewe wajua kiwanja cha mji siku hizi kina thamani gani. Wakapatana na mjenzi mwenye mali, nyumba ikabomolewa, ikasimamishwa ya ghorofa sita. Chini pakawa maduka, kwa sababu kodi ya duka ni kubwa kuliko kodi ya chumba cha kulala. Mama akapewa ghorofa ya tatu, upande wa mbele penye upepo, na mtaa mzima ukasema watoto hawa wamemtukuza mama yao. Na kweli walimtukuza. Mimi siandiki haya kuwalaumu.

Mwaka wa nne wa kukaa huko akapata kiharusi. Mguu na mkono wa kushoto ukapooza. Akili yake ni timamu, ulimi wake ni ule ule, na yeyote aliyewahi kusutwa naye anaujua. Lakini kutoka mlangoni pake hadi njiani kuna vipandio 48. Tulivihesabu, kwa sababu sisi ndio tuliokuwa tukimshusha. Tukimkalisha juu ya kiti cha plastiki, wanaume wanne, kila mmoja na pembe yake, na kwenye kona ya ngazi ambapo ukuta unabana tukimwinamisha kidogo ili miguu ya kiti ipite. Tukifika chini kila mtu anafuta jasho, anasema alhamdulillahi, na moyoni anahisi amechuma thawabu. Nami nilikuwa mmoja wao, na nilihisi hivyo hivyo.

Siku moja dadake akafariki, nyumba ya tatu kutoka pale. Tukapanda kumchukua. Akakataa. Tulidhani ni majonzi, tukamsihi. Akatwambia, "Wanangu, nyinyi mwanibeba, Mungu awalipe. Lakini kila mkinishusha buibui langu hupanda mpaka magotini, na mikono yenu iko chini ya mapaja yangu, na nyinyi si maharimu zangu. Nimejisitiri tangu nivunje ungo, nije nifunuliwe uzeeni kwenye ngazi? Na hao wanangu, mbona walipokuwa wakichora nyumba hawakuniuliza nitashuka vipi?" Jeneza la dadake likapita, naye akalitazama kutoka dirishani.

Tangu siku ile, ndugu msomaji, sijapata kuihesabu tena ile thawabu yangu kwa urahisi. Mtu akiziba kisima cha mtaa, kisha akawa anasimama mlangoni pake anawagawia watu maji kwa kata, je, tumwite mkarimu? Maji yale yalikuwa yao. Na Bi Mkubwa alikuwa akishuka barazani kwake kwa miguu yake, na hata kwa ugonjwa huu angeshuka kwa mkongojo au kwa kiti cha magurudumu, akakaa na wenziwe, akaenda hitima na arusini na kwenye maulidi. Tulimwondolea njia, kisha tukamkopesha mikono yetu, na tukaandika mkopo ule kuwa ni sadaka.

Wako watakaosema, huu ni mtihani wa Mwenyezi Mungu na yampasa asubiri. Hapana Mwislamu anayekana kwamba ugonjwa ni mtihani. Lakini tutofautishe. Mguu kupooza ni kadari. Vipandio 48 ni ramani, iliyochorwa na mtu kwa kalamu, ikapasishwa na mtu mwingine kwa mhuri, na fundi akalipwa ili aijenge. Si haki kumbebesha Mwenyezi Mungu uamuzi ambao sisi wenyewe tuliufanya mezani, kwa kuhesabu kodi ya maduka.

Tazama jinsi Mtume (S.A.W.) alivyoamiliana na watu wa namna hii. Kisa cha Abdullah bin Ummi Maktum, sahaba kipofu, twakijua sote, na Sura ya Abasa iliteremka kwa ajili yake. Mtume alimheshimu baadaye heshima kubwa, akamweka muadhini, na zaidi ya mara moja alipotoka safari za vita akamwacha yeye kuwa naibu wake Madina. Na imepokewa kwamba alipomwomba Mtume ruhusa ya kusali nyumbani kwa kuwa hana wa kumwongoza, aliulizwa kama anaisikia adhana. Aliposema naam, akaambiwa basi aitikie. Wanazuoni wameieleza hadithi hii kwa njia mbalimbali, na wengi wao hawakuifanya hukumu ya kumlazimisha kila kipofu. Lakini mimi naona ndani yake jambo ambalo hatulitazami: kipofu yule hakuambiwa kwamba mwito si wake. Mwito ni wake kama ulivyo wako. Na ukiwa ni wake, basi njia ya kuufikia nayo ni yake, na anayeiziba amemzuilia haki, hakumnyima hisani.

Kisha kisa cha Itban bin Malik (R.A.), ambacho Bukhari amekipokea. Yeye alikuwa imamu wa watu wake, macho yakadhoofika, na ikawa mvua ikinyesha bonde lililo baina yake na msikiti linajaa maji asiweze kuvuka. Akamwomba Mtume aje asali nyumbani kwake, mahali ambapo yeye atapafanya pa kusalia. Mtume akaja pamoja na Abubakar, na alipoingia hakukaa kwanza, bali aliuliza ni wapi katika nyumba angependa asaliwe. Bonde lile lilijazwa na mvua ya Mwenyezi Mungu, na bado Mtume alilihesabu kuwa ni udhuru wa kufuatwa. Mabonde yetu sisi ni ya zege na nondo, tumeyachimba kwa fedha zetu, na anayeachwa ng'ambo hapati hata mgeni wa kumwendea.

Na katika maradhi yake ya mwisho Mtume mwenyewe, mbora wa viumbe, alitoka kwenda kusali akishikwa na watu wawili, miguu yake ikiburura chini. Alikuwa akitoka chumba cha Bibi Aisha, ambacho mlango wake ulifungukia msikitini. Nikikisoma kisa hiki huwa najiuliza, ewe unayejenga, siku yako ya kuburura miguu itakukuta ghorofa ya ngapi?

Najua jawabu la wenye nyumba, kwa sababu nimeambiwa usoni: "Kiwanja ni changu, fedha ni zangu, sheria gani yanipangia mlango wangu?" Neno hili linataka kujibiwa kwa fikihi. Sisi watu wa pwani wengi wetu ni Mashafii, na masheikh wetu wamekisomesha Minhaj cha Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, yaani 1277. Katika mlango wa sulhu wa kitabu hicho imo mas'ala ya mtu anayetaka kutoa roshani ya nyumba yake juu ya njia ya watu. Ukuta ni wake, mbao ni zake, lakini haruhusiwi ila kwa sharti kwamba haitawadhuru wapitao. Ni lazima iwe juu kiasi cha mtu kupita chini yake akiwa wima. Na kama njia ile hupitwa na misafara, basi kimo cha mtu hakitoshi. Inyanyuliwe mpaka apite ngamia aliyebeba machela yenye miti ya paa juu yake.

Simama hapo kidogo, msomaji wangu. Imam Nawawi hakupima jengo kwa kimo cha mwenye nyumba. Hakulipima hata kwa kimo cha wapitaji wengi, kwani wengi wa watu hawakai ndani ya machela. Alilipima kwa yule mmoja mwenye kuhitaji nafasi kubwa kuliko wenziwe, naye kwa kawaida ni mwanamke, mgonjwa au mzee, kwa sababu hao ndio wapandao machela. Aliyekwenda Lamu ameiona fikihi hii kwa macho. Zile nyumba mbili zilizounganishwa kwa chumba juu ya njia, chumba ambacho wenyewe hukiita wikio, hujengwa juu ya vichwa vya watu, na punda na mizigo yake hupita chini. Kama punda mwenye mawe ya kujengea amewekewa kipimo, sembuse Bi Mkubwa na kiti chake.

Utasema, hiyo ni njia ya watu wote, na nyumba yangu ni milki yangu. Kweli, chumba chako cha kulala ni chako. Lakini ukipangisha jengo kwa jamaa 20 au 30, ngazi yake ni nini kama si njia ya watu? Hupita hapo mpangaji, mgeni, mkunga, mwalimu wa chuo, mtoto wa maziwa na jeneza. Na Mtume ametufundisha kwamba kuondoa udhia njiani ni tawi la imani, japo ni la chini kabisa katika matawi yake. Kuuondoa mwiba tumeusifu. Kuuweka je?

Tusijidanganye kwamba wazee wetu hawakuwa na kosa. Mabaraza ya nyumba za kale yana vipandio virefu, na ngazi za nyumba za mawe za Mji wa Kale na Lamu ni za mwinamo mkali, hata mzima hupanda kwa kushika ukuta. Lakini katika ile nyumba ya Kiswahili maisha yalikuwa chini. Mgonjwa alilazwa chumba kilichoelekea ukumbini, na kila apigaye hodi alimwona. Hakuwa na haja ya kwenda kwa watu, watu walimpitia. Katika ghorofa ya tatu hapana apitaye bila ya kukusudia.

Na wala sisemi kila mwenye nyumba aweke lifti. Lifti ni ghali kununua na ghali kutunza, umeme ukikatika inasimama, na wapangaji wakigombania nani alipe matengenezo yake inasimama mwaka mzima. Ninalolisema ni dogo kuliko hilo. Katika kila jengo jipya zibaki nyumba mbili tatu za chini, za kukaa watu, zenye njia isiyo na kipandio. Upande uliobaki uwe maduka, na Mwenyezi Mungu akubariki.

Vipimo vyenyewe si siri wala si vigumu. Kiti cha magurudumu cha kawaida kina upana wa kama sentimita 65 hadi 70, basi mlango uache nafasi wazi isiyopungua sentimita 80, na fundi akiweka fremu ya 90 amemaliza kazi. Kukigeuza kiti kunataka mahali pa sentimita 150 kwa 150. Mteremko wa mlangoni uwe wa moja kwa kumi na mbili, yaani kipandio cha sentimita 15 kinahitaji mteremko wenye urefu wa sentimita 180. Hili la mwisho lisisitizwe kwa fundi, maana nimeona miteremko iliyowekwa kumridhisha mkaguzi, mikali kama paa, ambayo mwenye kiti akijaribu kuipanda atapinduka kwa nyuma.

Lakini mahali penye mas'ala yote ni chooni. Katika nyumba nyingi mlango wa choo ndio mwembamba kuliko yote, na mbele yake fundi huweka kizingiti kirefu ili maji yasitoke. Ndani ni choo cha kuchutama juu ya kipandio kingine. Mwenye mguu uliopooza atachutama vipi? Nani atamshika, na huyo amshikaye amuone nini? Sisi twafundisha watoto wetu kwamba tohara ni nusu ya imani, kisha twajenga mahali ambapo mtu hawezi kujitoharisha bila ya kuvunjiwa sitara yake. Wanausuli wana kanuni kwamba wajibu ukiwa hautimii ila kwa kitu fulani, kitu hicho nacho huwa wajibu. Sala haitimii bila ya udhu, na udhu wa huyu hautimii bila ya mlango wa kupitika, chuma cha kushikilia ukutani na bomba la maji analolifikia akiwa amekaa. Na mlango wa choo ufungukie nje. Mgonjwa akianguka ndani na mlango unafungukia ndani, mwili wake mwenyewe utauzuia, na mtalazimika kuuvunja.

Kuyafanya haya wakati wa kujenga ni gharama ndogo, kwa sababu mlango mpana ni tofali chache zilizopungua. Kuyafanya baadaye ni kuvunja ukuta, kuhamisha mabomba na kugombana na mpangaji wa chini.

Sheria za serikali nazo zipo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006, Kenya ikauridhia 2008 na Tanzania 2009. Kenya ilikwisha kuwa na sheria tangu 2003, iliyowapa wenye majengo ya kutumiwa na umma miaka 5 wayarekebishe. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, ikatia haki ya kufika mahali pote kwa kiasi kinachofaa, na mwaka 2025 ikaja sheria mpya mahali pa ile ya 2003. Tanzania ilitunga yake mwaka 2010. Lakini wewe na mimi twajua kwamba mkaguzi huja mara moja, akaenda zake, na nyumba ikabaki na watu wake miaka 50.

Katika hesabu ya watu ya Kenya ya mwaka 2019 waliandikwa watu wenye ulemavu 918,270 wa umri wa miaka 5 na zaidi, yaani 2.2 katika kila 100. Shirika la Afya Duniani lasema katika dunia nzima ni mtu mmoja katika kila sita. Vipimo havikuwa vimoja, hilo najua. Lakini najua pia nyumba za mtaani kwetu, na najua yule aliyemo chumba cha nyuma ambaye karani akija na karatasi zake hatajwi. Mwengine ni mtoto. Mama yake alikuwa akimbeba mgongoni kwenda chuoni alipokuwa na miaka sita, na sasa ana kumi na tatu, mzito, na wao wako ghorofa ya nne. Hasomi tena, wala hapana aliyeamua kwamba asisome.

Mwezi huu kiwanja kilicho mkabala na msikiti wetu kimechimbwa msingi. Mwenyewe ni mtu mwema, husali safu ya kwanza, na Ramadhani hufuturisha. Nilimwendea baada ya Alasiri, fundi bado ana kamba na vigingi mkononi, nikamweleza kuhusu nyumba mbili za chini. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Basi nitapoteza maduka mawili." Sikumwambia kwamba hatapoteza, kwa sababu atapoteza, na kodi yake ni fedha za kweli za kila mwezi. Nilimwambia tu kwamba mama yake mwenyewe, ambaye ni mzima, amepita miaka sabini. Akanyamaza, akatazama lile shimo, akasema atalifikiri mpaka Ijumaa.

Habari zilimfikia Bi Mkubwa kabla sijapanda kumwamkua. Aliniuliza mlango wa choo utakuwa na upana gani, na kama mwenye nyumba ameanza kupokea wapangaji.